Chango Si Jina la Ugonjwa

Pale Misigiri, barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega inapoachia njia ya Kiomboi, biashara haina subira. Basi la Mwanza likipunguza mwendo, akina mama wameshafika dirishani: huyu ana mfuko wa vitunguu, yule kuku wawili waliofungwa miguu, mwingine dumu la mafuta ya alizeti. Bei inatajwa, inashushwa, chenji inarudi, basi limeondoka. Kila mmoja wao anajua ameuza mifuko mingapi tangu asubuhi, anamdai nani na anadaiwa na nani. Hakuna hesabu inayompita.

Ipo moja inayompita. Muulize huyo huyo hedhi yake iliyopita ilianza tarehe ngapi. Atafikiri kidogo, kisha atakuambia ilikuwa karibu na siku ya mnada. Damu ilitoka siku ngapi? Zile za kila mara. Na kama juzi hakuonekana barabarani, wenzake watakueleza kwa sauti ya chini kwamba ana chango.

Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Msichana wa darasa la sita akijikunja kwa maumivu, chango. Mama akitoka damu siku kumi, chango. Mke asiyeshika mimba ana chango, na anayeumia wakati wa tendo la ndoa naye ana chango hilo hilo. Neno moja limebebeshwa magonjwa ambayo dawa zake hazifanani hata kidogo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba likishatamkwa, maswali yanakoma. Kinachofuata ni mizizi ya kuchemsha, au chupa ya "kusafisha kizazi" iliyonunuliwa stendi kwa mtu ambaye kesho hayupo.

Sisi wa Singida tulipaswa kuwa wa kwanza kuogopa majina ya namna hii, kwa sababu tumeshaona yanakotufikisha. Kuanzia miaka ya 1970 jina "lawalawa" lilienea hapa na kwa jirani zetu wa Dodoma. Mtoto wa kike akiwashwa, akitoa uchafu au akilia anapokojoa, ilisemwa ana lawalawa, na tiba yake ni kumkeketa. Yale yalikuwa maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo na ya ukeni, yanayotibika kwa dawa, maji safi na sabuni. Lakini jina lilishatolewa, na wembe ukafuata jina. Sheria ilikataza ukeketaji wa mabinti mwaka 1998. Wapo waliouhamishia kwa watoto wachanga ili usionekane. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 31 kati ya kila 100 wa mkoa wetu wamekeketwa. Ninalileta jambo hili hapa kwa sababu linahusu hedhi moja kwa moja. Kovu la ukeketaji linaweza kubana njia ya damu na kuifanya hedhi iwe ya maumivu makali, na mwanamke aliyekeketwa akiwa mchanga huenda mwenyewe hajui. Kama una maumivu ya hedhi na umezaliwa katika ukoo uliokuwa na mila hiyo, mwambie muuguzi akuangalie. Hutakuwa wa kwanza kumwambia.

Tulivunje basi hilo neno chango, tuone ndani yake kuna nini.

Tuanze na hedhi isiyo na tatizo, maana wengi hatukuwahi kuambiwa inafananaje. Hesabu siku kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata kuanza. Kwa mwanamke mtu mzima, kati ya siku 21 na 35 ni sawa. Mambo ya "lazima iwe 28" yawekeni kando. Binti aliyevunja ungo mwaka huu au mwaka jana anaweza kwenda hadi siku 45, kwa kuwa mwili wake bado unajifunza. Damu hutoka siku 2 hadi 7. Kiasi chake chote, kwa wengi, hakizidi vijiko vitatu vya chakula, japo kwenye kitambaa huonekana kingi zaidi. Ikipita mililita 80, yaani vijiko vitano na kitu, madaktari wanaiita hedhi nzito, kwa sababu kuanzia hapo mwili unapoteza madini ya chuma haraka kuliko chakula kinavyoyarudisha.

Hakuna anayepima damu yake kwa kijiko, na hapo ndipo daftari linapohitajika. Wewe unayeandika madeni ya vitunguu, tenga ukurasa mmoja wa nyuma. Andika tarehe damu ilipoanza na tarehe ilipokwisha. Kila siku ya damu, weka kistari kwa kila pedi au kitambaa ulichobadilisha, na ukibadilisha andika kama kililowa kidogo, nusu au chote. Andika mabonge: madogo kama mbegu ya alizeti hayana neno, yanayozidi upana wa sarafu ya shilingi mia yaandike. Andika ikiwa uliamka usiku kubadilisha, ikiwa ulichafua nguo au shuka. Maumivu yape alama ya 0 hadi 10, na pembeni useme yalikuzuia nini: kwenda shambani, shuleni, sokoni, kusimama tu. Miezi mitatu inatosha. Mwenye simu anaweza kuandika humo. Mimi naamini zaidi daftari, kwa sababu haliishiwi chaji na nesi analishika mkononi.

Kuna mtego katika hesabu ya pedi, na ni wa umaskini. Anayeweza kununua hubadilisha kila baada ya saa nne. Asiyeweza huvaa moja kutwa nzima, au hutumia kipande cha kanga kuukuu, na akiulizwa "unatumia pedi ngapi kwa siku?" hujibu "moja", akaandikiwa kwamba damu yake ni kidogo. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 ikisema bei madukani haikushuka. Bei imebaki kuwa mzigo wa binti. Kwa hiyo ukiulizwa idadi, usiishie kwenye idadi. Sema: "Moja, kwa sababu sina hela ya nyingine, na inalowa hadi kwenye sketi." Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu kwa anayekusikiliza.

Sasa maumivu. Hedhi inapoanza, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali zinazoifanya misuli yake ikaze ili kusukuma damu nje. Kemikali hizo zikizidi, misuli hukaza kupita kiasi, tumbo la chini linakata, kiuno na mapaja yanauma, wengine wanatapika au wanaharisha. Hili ndilo chango la mabinti wengi. Huanza mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo, huuma siku moja hadi tatu, kisha hukoma. Si laana, wala si dalili kwamba binti ni mgumba au ameanza mambo ya wanaume, kama baadhi ya bibi zetu wanavyonong'ona.

Na lina dawa. Ibuprofen huzuia zile kemikali zenyewe, na ndiyo maana huwasaidia wengi kuliko panadoli. Siri yake ni wakati: imezwe damu inapoanza tu, au tumbo linapoanza kuashiria, isisubiri binti awe ameshajikunja sakafuni. Miligramu 400, ambazo ni vidonge viwili vya 200, kila baada ya saa 8, baada ya kula, kwa siku mbili au tatu, basi. Asimeze mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa za maumivu, wala mwenye mimba au anayeihisi. Binti aliye chini ya miaka 12 apimiwe kwanza na mtoa dawa. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kitenge na kuwekwa chini ya kitovu inasaidia kwelikweli, kutembea kunasaidia pia, na hakuna ubaya kuoga maji ya uvuguvugu siku za hedhi. Mwalimu wa malezi anayesoma hapa, hii ni sababu ya kuwa na chumba cha kujisitiri chenye maji, ndoo na mlango unaofungwa. Binti asiyekuwa na mahali pa kubadilisha hukaa nyumbani hata kama tumbo lake limetulia.

Maumivu ya aina nyingine yanahitaji daktari, na kuyatambua si vigumu ukiwa na daftari. Yanaanza siku kadhaa kabla ya damu na kubaki baada yake. Yanazidi mwaka hadi mwaka. Dawa uliyotumia vizuri kwa miezi mitatu haiyagusi. Yanakuja pia wakati wa tendo la ndoa, au wakati wa kwenda haja kubwa siku za hedhi. Au hukuwahi kuumwa ujanani, ukaanza kuumwa ukiwa na miaka 30 na watoto watatu. Ndani ya kundi hili kuna endometriosisi, hali ambayo tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye mirija, kwenye vifuko vya mayai, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nayo huwapata karibu wanawake 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Wengi hukaa miaka mingi bila kujulikana, kwa sababu kila walipolalamika waliambiwa wanawake wote huumwa.

Hapa nina jambo linaloniuma. Mwanamke anakwenda na maumivu ya namna hiyo, anapima mkojo, anaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa dawa. Mwezi ujao yamerudi, anaambiwa ni "UTI sugu". Wa tatu inakuwa "PID sugu", na sindano za siku saba. Ndugu yangu wa tumbo moja alipita njia hiyo kwa karibu miaka miwili, akihama kutoka dirisha moja la dawa hadi jingine, na hakuna aliyemuuliza kama maumivu yanafuata mwezi. Maambukizi ya nyonga, ndiyo hiyo PID, yapo kweli, na ni hatari: homa, uchafu wenye harufu, maumivu ya tumbo la chini nje ya siku za hedhi. Yanatibiwa kwa dawa za wiki mbili, na mwenza hutibiwa pia, la sivyo yanarudi. Lakini ugonjwa uliotibiwa mara tatu bila kupona unadai jina jipya kabla ya dawa ya nne. Siku hiyo toa daftari, useme: "Maumivu yangu yanakuja na hedhi, naomba niangaliwe kizazi."

Nije kwenye damu nyingi, ambayo ndiyo inayoua kimyakimya. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo, lishe na uzazi wa karibukaribu vimo katika sababu, na hedhi nzito imo. Dalili za upungufu huo huku kwetu huitwa uvivu. Anapanda kilima kidogo moyo unadunda, anaona kizunguzungu akisimama, anatamani kula udongo au barafu, viganja na ndani ya kope vimepauka. Mwanamke ambaye si mjamzito anatakiwa awe na wingi wa damu wa 12 au zaidi. Akishuka chini ya 8 huo ni upungufu mkali. Kipimo ni tone moja la damu ya kidole. Kama unatumia kitambaa au pedi inayolowa yote kila baada ya saa mbili, au hedhi inapita siku 7, au unatoa mabonge makubwa, omba kipimo hicho hata kama hujioni mgonjwa, kwa kuwa mwili unaozoea kupungukiwa polepole humdanganya mwenyewe.

Sababu za damu nyingi zinafuata umri kwa kiasi kikubwa. Kwa msichana wa miaka 13 au 14 mara nyingi ni mayai ambayo bado hayajaanza kupevuka kwa mpangilio. Lakini ikiwa tangu hedhi ya kwanza damu inamwagika, na akitoka damu puani haikatiki, au aling'olewa jino akavuja usiku kucha, huenda damu yake haigandi vizuri. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa kurithi, una matibabu, na msichana huyo asipewe aspirini wala ibuprofen kabla ya kuonwa na daktari. Kwa mwanamke wa miaka 30 na 40, mtuhumiwa wa kwanza ni uvimbe wa kwenye kizazi, ule unaoitwa fibroidi. Utafiti mmoja wa Marekani ulikuta kuwa zaidi ya wanawake weusi 8 kati ya 10 wanakuwa nao wakifika miaka 50, wengi bila kujua. Kwa hiyo ukiambiwa una uvimbe usidhani umeandikiwa kifo wala kwamba kizazi lazima kitolewe kesho. Si saratani. Usiosumbua huachwa na kuangaliwa. Unaosumbua una dawa za kupunguza damu, na una upasuaji wa kutoa uvimbe tu na kubakiza kizazi kwa anayetaka kuzaa. Usichopaswa kufanya ni kununua chupa inayoahidi kuuyeyusha kwa siku 21, ukaendelea kumwaga damu huku ukisubiri.

Kuna pia damu inayoletwa na uzazi wa mpango, na hapa maneno ya mtaani yamewaharibia wengi. Kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu na maumivu katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha hali hutulia, isipotulia, rudi. Kijiti huleta matone ya hapa na pale, au miezi bila damu. Sindano ya miezi mitatu hukausha hedhi kwa wengi. Watu husema damu hiyo imejikusanya tumboni na itageuka uvimbe. Hapana: ukuta wa kizazi haukujengeka, kwa hiyo hakuna cha kutoka wala cha kujikusanya. Ukiacha sindano, hedhi na uwezo wa kushika mimba vinaweza kuchelewa miezi mingi. Vumilia hilo, ila usimruhusu mtu yeyote nje ya kituo cha afya akutoe kijiti kwa wembe.

Upungufu wa damu ukithibitika, vidonge vya madini ya chuma ndivyo tiba, kwa miezi mitatu au zaidi hata kama umeanza kujisikia vizuri mwezi wa kwanza. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Usivimeze na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, basi acha saa moja au mbili zipite. Juisi ya rozela tunayoisifu sana ina ukali unaoweza kusaidia chuma cha kwenye mboga kufyonzwa, inywe pamoja na mlo wa mlenda, maharage au dagaa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge kwa mwenye damu ya 7. Na kujaza damu bila kuziba inakovujia ni kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka: sababu lazima itafutwe.

Hedhi isiyokuja nayo ina hesabu yake. Ikichelewa wiki moja na umekutana na mwanamume, pima mimba kwanza, hata kama mlitumia kinga na hata kama una miaka 46. Kipimo cha mkojo kipo kwenye duka la dawa muhimu. Wasichana wanaomeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, wajue kuwa kidonge hicho kinaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kwa siku kadhaa; ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima. Kukimeza mara mbili, tatu kwa mwezi huvuruga mzunguko kabisa, na huyo anahitaji njia ya kawaida ya uzazi wa mpango, si lawama. Kama huna mimba, hunyonyeshi, hutumii sindano wala kijiti, na miezi mitatu imepita bila damu, nenda kituoni. Huenda ni msongo, kukonda au kunenepa ghafla, tezi ya shingo, au vifuko vya mayai visivyoachia yai, hali ambayo mara nyingi huja na chunusi na ndevu kidevuni. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia kwenye kizazi na kukausha hedhi. Binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo aonwe pia. Ikiwa kila mwezi tumbo linamuuma na damu haionekani, asisubiri hiyo 15, maana njia inaweza kuwa imeziba.

Zipo hali ambazo daftari liwekwe chini mara moja na pikipiki iitwe. Pedi inalowa yote ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo. Damu nyingi na kuzirai, jasho baridi, moyo kwenda mbio. Hedhi imechelewa kisha maumivu makali yanashika upande mmoja wa tumbo la chini, pengine hadi begani, hata kama damu inayotoka ni matone tu: hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, mrija ukipasuka damu inajaa tumboni bila kuonekana, na saa chache zinaamua. Damu pamoja na homa baada ya mimba kuharibika, kwa namna yoyote ile iliyoharibika. Waambie watoa huduma ukweli, kazi yao ni kukuokoa. Kwa mjamzito na mzazi aliyejifungua karibuni, namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, hupigwa bure na gari hutafutwa. Kwa mengine yote, usilale ukisubiri kupambazuke.

Niseme la shangazi yangu. Alikoma hedhi akiwa na miaka hamsini na kidogo. Baada ya miaka minne damu ikarudi, matone, kisha zaidi. Wanawake wenzake walicheka naye, wakamwambia ujana umerudi, na yeye akafurahi. Alikaa na furaha hiyo karibu mwaka mzima. Alipofikishwa hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshatoka nje ya kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo ambayo ingezuilika kirahisi kuliko nyingi. Sikiliza vizuri hapa: ukishakaa miezi 12 bila hedhi, tone lolote la damu baada ya hapo si hedhi. Damu baada ya tendo la ndoa, kwa umri wowote, nayo si hedhi. Mara nyingine ni kitu kidogo, ukavu au kidonda. Au kichocho kilichokaa kwenye mlango wa kizazi kwa waliokulia kwenye maji yenye konokono wake. Lakini lazima uangaliwe wiki hiyo. Na hata bila dalili, mwenye miaka 30 hadi 50 apimwe mlango wa kizazi kwa kupakwa ile asidi ya siki, kazi ya dakika chache. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe wakapate chanjo ya HPV inayokinga saratani hiyo. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu.

Kuhusu wapi pa kwenda. Zahanati inaweza kukusikiliza, kupima damu na mimba, kukupa vidonge vya chuma na kukuandikia rufaa. Anzia hapo kwa lolote lisilo la dharura. Altrasaundi, upasuaji na kuongezewa damu ni mambo ya hospitali, na kwa mtu wa Misigiri hospitali ya wilaya ya Iramba ipo Kiomboi, kwa njia ile ile inayochepuka pale mnapouzia. Yakishindikana hapo kuna hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida. Kina mama wengi wanaogopa kuwapeleka mabinti wakidhani kipimo kitawaondolea usichana. Altrasaundi ya binti hufanywa juu ya tumbo, kwa mafuta ya baridi na kifaa kinachopitishwa kwenye ngozi. Atakunywa maji mengi kibofu kijae, basi. Una haki ya kuomba uonwe na mhudumu wa kike na mama yako awepo chumbani. Usiondoke kabla hujauliza mambo mawili: ugonjwa wangu unaitwaje, na nisipopona nirudi lini. Majibu yaandike kwenye ukurasa ule ule. Asiyeweza kufika anaweza kuuliza kwa simu 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kwa mama wakwe na bibi: binti akiwaambia anaumwa, msimpime kwa uvumilivu wenu wa zamani. Muulizeni tarehe, siku na pedi.

Na wewe baba mwenye nyumba, mkeo akikuambia amelowesha tano kabla ya adhuhuri, usimuulize kama ni lazima iwe leo. Mpe nauli ya Kiomboi, na kama kuna nafasi kwenye pikipiki, nenda naye.